Barua Haina Macho

Kitale, 4 Februari 1952

Kwa Mama mkwe,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, natumaini hapo Lugulu hamjambo, pamoja na Nekesa na mtoto. Kwa mila yetu mimi na wewe hatutazamani wala hatupeani mkono, lakini barua haina macho, kwa hiyo nimethubutu.

Ulisema Nekesa hatarudi kwangu mpaka nitoke kambi ya vibarua. Ni haki yako. Nyumba wanapewa makarani wa serikali, nami nimeanguka mtihani wa ukarani. Hesabu nilipita, Kiingereza ndicho kimeniangusha. Karatasi imejaa wino mwekundu na sioni kosa, maana naandika vile vile anavyoandika bwana wangu wa kiwanda cha mbao. Naituma uione. Nimewakumbuka sana mke wangu na mtoto.

Mkweo,
Wabwile

Lugulu, 20 Februari

Mkwe wangu,

Salamu zimefika. Sisi wazima, mtoto ameota jino.

Nimeona karatasi. "english", "swahili", "monday", "march", vyote umeviacha na herufi ndogo kama yatima. Kwa Kiingereza lugha, taifa, siku na mwezi huanza na herufi kubwa. Hayo niliwafundisha wasichana wa misheni wewe ukiwa bado unachunga ndama. Huyo bwana wako ni Mwingereza wa wapi?

Mama Nekesa

Kitale, 9 Machi

Mama mkwe,

Habari za huko? Mimi sijambo, ila mvua imeanza na kambi inavuja.

Kumbe bwana ni Mhispania. Nilipomwuliza alicheka. Ati kwao nchi na jina la mtu hupewa herufi kubwa, lakini lugha, siku na miezi ni ndogo. Anawashangaa Waingereza, hata neno "mimi" wamelipa herufi kubwa. Basi miaka yote nimeandika Kiingereza cha Kihispania. Mtihani utarudiwa Juni. Nikutumie mazoezi unisahihishie?

Mkweo,
Wabwile

Lugulu, 25 Machi

Mkwe wangu,

Hatujambo. Tuma.

Wazee hapa wananiuliza naandikiana nini na mkwe. Nimewaambia ni mambo ya herufi. Hawakuamini, lakini wamenyamaza. Na usizidishe: masika na kiangazi huandikwa kwa herufi ndogo hata kwa Waingereza.

Mama Nekesa

Kitale, 30 Julai

Mama mkwe,

Salamu. Nimepita. Nyumba ni ya vyumba viwili na haivuji. Najua huwezi kulala kwangu, kwa hiyo mlete Nekesa na mtoto mpaka Kiminini, hapo njiani, Jumamosi ya wiki ijayo. Nitasimama nimeelekea Kitale.

Asante, Mama.

Mkweo,
Wabwile

Lugulu, 12 Agosti

Mkwe wangu,

Nilirudi salama. Natumaini mtoto halii usiku.

Pale Kiminini ulisimama umenipa mgongo kama inavyotakiwa, nami nilijifunika uso kwa leso, ingawa si sana. Shati lako limechanika begani. Karani wa serikali hatembei hivyo, mwambie Nekesa alishone.

Nyumba hii imekuwa kimya mno. Wewe endelea kutuma mazoezi, hata kama mtihani umeisha.

Mama yako