Lori Halina Pepo

Tangazo rasmi kwa nyumba nzima: lori la Baba halina pepo. Bibi, mrudishe kuku wako wa kafara bandani.

Mama, shikamoo. Uji nimeumaliza. Baba akirudi, asitafute dereva mwingine. ~~Mzee Mwinjuma ndiye aliyeliharibu.~~ Mzee Mwinjuma hana kosa. Asubuhi mlio wa injini ulikuwa unapanda na kushuka bila mtu kukanyaga mafuta, Baba akamfukuza. Sasa amekwenda Ngombezi kuomba kazi ya kukata mkonge, na umri ule!

Mpira wa hewa unaoendesha waipa za kioo umekatwa, basi injini inavuta hewa ya ziada. Nilipoziba tundu kwa kidole, ikatulia.

Namfuata nimrudishe. Dada Tatu ameshaiona manati yangu mpya, anacheka, kwa hiyo nasema mwenyewe: mpira niliukata mimi.

Mwanenu,
Mdoe