Miguu ya Kukanyaga Ndizi

Deusi, mdogo wangu mwenye miguu ya bata,

Hapa Bukoba senene wa kukaanga ni wengi, ila leo nimewaacha kwenye sahani. Mama mmoja mtafiti wa mambo ya mwili alinisimamisha peku juu ya sponji. Nikamwambia, "Dokta, mimi ndiye bingwa wa kukanyaga ndizi za pombe ya rubisi Muleba nzima. Sianguki hata nikilala." Akatabasamu. "Haya bingwa, fumba macho." Nikafumba, nikaanguka kama mgomba uliozidiwa na mkungu.

Kumbe tangu ile pikipiki initupe, nyayo hazipeleki habari kichwani. Macho ndiyo yalikuwa yananishikilia. Nikauliza dawa naanza lini. Akasema kwa upole, "Kaka, mimi napima tu ili nielewe. Sitibu." Na baba nilishamwahidi nitarudi nimepona.

Basi rubisi ya harusi ya dada, ingia wewe kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi ukanyage. Mimi nitakaa pembeni nikucheke. Ukisikia ndizi zinalainika chini ya nyayo, niambie zikoje, maana nimeanza kusahau.

Mbusu mama kwa niaba yangu.

Kaka yako, bingwa mstaafu