Nyumba Isiyo na Ua

Magomeni,
Bagamoyo.
9 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mikdad,

Assalam alaykum. U hali gani huko Maskati? Kile kifua kimepoa? Watoto hawajambo? Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Barua hii anakuletea jirani yetu Salumu, maana kwenye simu kila nikiitaja nyumba, mtandao unakukatikia.

Nyumba uliyotujengea ni nzuri. Wapita njia wanasimama kuitazama. Lakini wao wanaitazama, sisi tunaishi ndani.

Ile ramani yako haina ua wala mlango wa nyuma. Jiko limo sebuleni, na mlango wa choo unatazamana na makochi. Nikikaanga samaki, mapazia yananuka vibua wiki nzima. Nazi nakunia barazani, kila apitaye anajua leo tunapika nini.

Hayo ningeyavumilia. Ila wiki iliyopita walikuja wazee kutoka Lugoba kumposa binti yangu Adila. Posa tumeipokea. Wakakaa sebuleni tangu asubuhi hadi alasiri. Mama unamjua, hawezi kupita mbele ya wakwe na kopo la maji mkononi. Akajifungia chumbani. Tangu alfajiri alikuwa amekataa chai, maji hakugusa, anasema hana kiu. Kumbe ndivyo afanyavyo kila tukipata wageni, asije akahitaji choo!

Walipoondoka nikamkuta sakafuni, midomo imekauka, hanitambui. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari akauliza imekuwaje bibi ameishiwa maji mwilini namna ile. Nilishikwa na haya, Mikdad. Nimwambie nini, kwamba ni nyumba?

Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Msimwambie Mikdad. Atasema sina shukrani."

"Mama," nikamwambia, "shukrani haimzuii mtu kwenda chooni."

Nilikueleza kabla msingi haujachimbwa kwamba wanawake wa nyumba hii wanahitaji uani. Ukanijibu ua ni ushamba. Haya, ona sasa.

Juzi nikamwita fundi Ishaka atoboe mlango kwenye ukuta wa nyuma chumbani kwa Mama, na mwingine chooni. Akasita na nyundo yake.

"Mwenye nyumba anajua?"

"Wanaokaa ndani wanajua. Gonga."

Amegonga. Nje amezungushia makuti, na mimi nimehamishia jiko la mkaa huko. Mama ametandika mkeka, anachambua mchele na kumsema kila jirani anayechungulia. Sauti yake imerudi.

Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini ukuta haurudi.

Msalimie mkeo Mwanvita, na watoto uwabusu. Adila anakuamkia. Mama anakuombea dua kila baada ya sala, ingawa habari ya ukuta amekataa katakata kuwa anaijua.

Mungu akulinde na akurejeshe kwetu salama. Na siku utakayokuja, usigonge mbele. Mlango wa mbele tumewaachia wageni; wewe ni wa kwetu, pita uani.

Dada yako akupendaye, hata akikasirika,
Ashatu