Nilimrushia Chupa Nione Atadaka kwa Mkono Upi

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu, mimi ni msomaji wako wa kila Ijumaa na sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia, nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, lakini leo naomba msaada wako kwa sababu nyumbani kwangu hakukaliki.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, nina duka langu la dawa, mke wangu alifariki miaka minne iliyopita akaniachia mabinti wawili, mkubwa yuko shule ya bweni na mdogo, tunayemwita Kitinda, ana miaka tisa na ninaishi naye. Mwanamke anayetusaidia kazi za nyumbani tunamwita Mama Mkubwa, kwa heshima tu, si ndugu yetu, ana miaka hamsini na kitu na huu ni mwaka wake wa tisa kwetu, anakuja asubuhi anaondoka jioni, anapika, anafua, anampokea mtoto akitoka shule. Yeye huniita Daktari ingawa mimi si daktari, na sikudanganyi, huwa napenda.

Sasa wiki kumi na moja zilizopita alipanda stuli kutungua mapazia ya sebuleni ili ayafue, stuli yenyewe mguu mmoja ulikuwa unacheza na nilishasema nitaipeleka kwa seremala, ikamwangusha, akaangukia mkono wa kulia na kifundo kikavunjika. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, nikalipa, akafungwa plasta, na palepale kwenye benchi mbele ya wagonjwa nikamwambia, "Mama Mkubwa, kaa nyumbani upone, mshahara wako utakuja kama kawaida." Niliyasema yale kutoka moyoni, Mshauri, nataka ulijue hilo kabla hujanihukumu.

Dada yangu mkubwa akahamia kwangu kunishikia nyumba. Plasta ikakatwa baada ya wiki sita, na mimi nauza dawa, najua kifundo kinaunga kwa wiki sita, kwa hiyo wiki ya saba nikamngoja Mama Mkubwa na hakuja. Nikampigia. Akasema, "Daktari, mkono bado hauna nguvu, nikishika sufuria ya maji unatetemeka, nipe siku kidogo." Siku kidogo ni siku ngapi? Nilipomwambia dada yangu akacheka akiwa anasugua masufuria, akasema, "Siku kidogo za mtu anayelipwa akiwa amelala haziishi, mdogo wangu. Wewe umeajiri au unafuga?"

Maneno yale yaliniingia kama mchwa, ukuta unauona mzima kumbe ndani unaliwa. Nikaanza kusikiliza. Nikipiga simu nasikia maji yanamwagika nyuma yake, nawaza, anafua, anamfulia nani? Siku moja nikamsikia anacheka na mtu kabla hajasema haloo, nikawaza, mwenye maumivu anacheka nini? Nilikuwa nimempelekea vidonge vya maumivu vya wiki mbili, wiki ya nane nikamwuliza kama vimeisha, akasema bado vipo, nikapiga hesabu kichwani nikaona havikupaswa kuwepo, basi haumwi. Dada yangu akatoka sokoni akasema amemwona na kikapu. Nikamwuliza, "Mkono gani?" Akasema, "Mtu kabeba kikapu, mimi nianze kuchungulia mkono gani?" Mwisho nikafanya jambo la aibu, nikafunga duka mapema nikaenda mtaani kwake, nikakaa kwa fundi viatu ng'ambo ya nyumba alimopanga chumba nikijidai kiatu changu kimefumuka, fundi akakigeuzageuza akasema, "Mzee, hiki kizima," nikamwambia kiangalie tena. Nikaona uani kwake kamba imejaa mashati ya kiume, saba, niliyahesabu, na yeye anaishi peke yake. Nikarudi nyumbani nimeshiba ushahidi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake na Kitinda, ambaye alikuwa ananisumbua kila siku anataka kumwona. Alitupokea vizuri sana, akamkumbatia mtoto kwa mkono wa kushoto, nikaliona hilo, akatumiminia maji kwa mkono wa kushoto akamwaga kidogo mezani, nikasema moyoni, huyu amefanya mazoezi kabla hatujafika. Mfukoni nilikuwa na chupa ya dawa ya kuchua, ya kioo, nimemletea kama zawadi. Naapa sikupanga, au labda nilipanga njiani, sijui tena. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu anamsikiliza mtoto, nikasema, "Mama Mkubwa, daka!" na nikairusha upande wake wa kulia.

Akaidaka. Kwa mkono wa kulia, Mshauri, mkono uleule, barabara kabisa, kama golikipa.

Nakueleza ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha, niliona nimemkamata. Halafu nikamwona uso umempauka, jasho limemtoka puani, akakaa chini polepole pale sakafuni, hakulia, hakupiga kelele, chupa bado iko mkononi kwa sababu vidole vilikataa kufunguka. Akaniambia, "Haikuvunjika, Daktari." Kitinda ndiye aliyemfungua vidole, kimoja kimoja. Mimi nikasema samahani, imeniponyoka, nikasema wateja wananingoja dukani, nikamshika mtoto tukaondoka.

Njiani Kitinda akaniuliza, "Baba, ulimrushia makusudi?"

Nikamwambia, "Hapana mwanangu, iliniponyoka."

Akatembea kidogo, akasema, "Lakini ulisema daka."

Tangu siku ile mtoto ananisalimia kama mgeni na amehamishia mto wake chumbani kwa shangazi yake. Dada yangu nilipomsimulia akasema, "Umeona sasa? Mkono mbovu haudaki chupa. Huko kukaa sakafuni ni sinema." Mwisho wa mwezi nikatuma mshahara kwa simu kama kawaida, baada ya saa moja ukarudi wote, na ujumbe: "Asante Daktari. Msitume tena. Tafuteni mtu mwingine. Nisalimieni Kitinda."

Sasa sijui nishike lipi. Upande mmoja naona ameudhika, upande mwingine najiuliza, mtu asiye na hatia anarudishaje haki yake mwenyewe, si kwamba amejua nimemgundua? Niendelee kumlipa mtu asiyefanya kazi, au niishie hapo kwa kuwa amekataa kwa kinywa chake? Na mtoto nimjibu nini?

Wako katika mashaka,
Muuza Dawa


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Muuza Dawa,

Marahaba, maana nimekuzidi. Kaa tuzungumze.

Kwanza nikupe kilicho chako. Ulimpeleka hospitali, ulilipa, uliahidi mshahara bila kuombwa na miezi ya mwanzo ukautoa. Wengi hawafiki hapo. Kwao msaidizi akivunjika mkono ni kama ufagio umekatika mpini, wanakwenda dukani kununua mwingine. Na kulea mabinti peke yako miaka minne si mchezo. Nimekuhurumia. Huruma yangu imeishia hapo.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikakupigia kwa ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Nilikuuliza swali moja tu: "Tangu siku ile, umerudi kumwona?" Ukasema, "Dukani kumekuwa na wateja wengi." Siku kumi na moja, ndugu yangu! Mtu umemwacha ameketi sakafuni, mkono umemkaza, na wewe mwenye duka la dawa unawauzia dawa wengine.

Unasema kifundo huunga kwa wiki sita. Nilimwuliza daktari wa mifupa, daktari wa kusomea, akaniambia mfupa kuunga ni jambo moja na mkono kupata nguvu ni jambo jingine; huchukua miezi, hasa kwa mtu aliyepita hamsini, na unahitaji mazoezi. Nikamsimulia habari ya chupa. Alivua miwani. Akasema kitu kikirushwa ghafla mkono hauombi ruhusa, unadaka, hata kama ni mbovu, na mwenye mkono ndiye anayelipia baadaye. Kwa hiyo jaribio lako lilithibitisha kitu kimoja tu, kwamba mama wa watu amezoea miaka tisa kuzuia vitu vya nyumbani kwako visivunjike.

Ushahidi wako mwingine haunishibishi. Vidonge vimebaki? Huenda vinamchoma tumbo, huenda anavibania. Ungemwuliza kama muuza dawa badala ya kumhesabia kama askari. Alicheka? Kilichovunjika ni mkono, si meno. Maji yanamwagika? Aliye peke yake nani amfulie? Mashati saba umeyaona kwenye ua wa nyumba ya kupanga, ambako kamba moja ina wenyewe wengi. Fundi viatu uliyemsumbua angekutajia mwenye kila shati. Na hebu tazama ulivyoandika: mashati umeyahesabu moja moja, lakini stuli uliyojua ina mguu mbovu umeipitisha katikati ya sentensi, mbiombio, kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo. Nimeuona.

Tena angalia kamba uliyomfunga. Akikaa nyumbani, mwongo. Akidaka, mwongo. Akipokea mshahara, mvivu. Akiurudisha, ana hatia. Sasa afanye nini huyo mama ili akuridhishe, afe? Mashaka ya namna hiyo hayatafuti ukweli, yanatafuta chakula.

Kuhusu dada yako, usikimbilie kumlaumu. Wiki kumi na moja anapika, anafua, anasugua, anampokea mtoto, na katika barua yote hukuandika mahali popote kwamba ulimshukuru, sembuse kumpa chochote. Kila mwisho wa mwezi anaona mshahara unakwenda kwa aliyeketi, naye amesimama kwenye masufuria. Dada yako hana ugomvi na mkono wa mtu. Mgongo wake ndio unaouma, na wewe hujamwuliza. Mwulize leo. Kisha tafuta mtu wa kuja kufua na kusafisha siku mbili tatu kwa wiki, umlipe, na dada yako arudi kwake akitaka, kwa asante inayoshikika.

Sasa la Mama Mkubwa. Unauliza uendelee kumlipa? Ndiyo. Aliumia nyumbani kwako, akifanya kazi yako, na ahadi uliitoa mwenyewe. Utalipa mshahara kamili mpaka hospitali iseme anaweza kufanya kazi. Hospitali, si wewe, si dada yako, si kikapu cha sokoni. Gharama za mazoezi ya mkono ni zako pia. Akirudi aanze na kazi nyepesi, na muandikiane kwenye karatasi nini kitafuata akiumwa tena, ili siku nyingine msiishi kwa kuviziana. Asiporudi, usimwulize sababu, unaijua. Mlipe hadi apone, kisha mpe kiinua mgongo cha miaka yake tisa, na umwandikie barua nzuri ya kumtafutia kazi kwingine.

Ila usianze na pesa. Ukitangulia kutuma tena atairudisha tena, na atakuwa sahihi, kwa sababu kwa sasa mshahara wako unanuka upelelezi. Anza kwa miguu. Ukimaliza kusoma hapa, funga duka. Wateja wataelekezwa duka jingine, hawatakufa. Nenda umchukue akapigwe picha ya mkono, maana hujui chupa yako imeharibu nini. Lakini kabla hamjatoka mlangoni kwake, mwambie hivi, bila kupunguza: "Nilikurushia makusudi. Nilikuwa nakujaribu. Nimekukosea." Usiseme iliniponyoka. Usiseme dada yangu ndiye aliyeniambia. Usimweleze habari za mashati. Akikufokea, pokea. Akinyamaza, subiri, usiuzibe ukimya wake kwa maneno yako.

Umeniuliza pia mtoto umjibu nini. Mtoto hakukuuliza kwa sababu hajui. Alisikia neno "daka" kwa masikio yake mawili. Anangoja kuona baba yake ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo usimwache nyumbani. Mshike mkono mwende naye, asimame hapo kando yako, na hayo maneno uyaseme kwa sauti ya kutosha ayasikie.