Filamu Aliyoikodi Baba Yenu

Wanangu,

Chakula kiko jikoni, kipasheni moto. Dada mkubwa, anua nguo, mvua inanukia. ~~Msimwambie shangazi yenu.~~ Mwambieni tu, majirani watamfikishia hata hivyo.

Nimekwenda kituo cha polisi, msishtuke. Asubuhi, mlipokwisha kwenda shule, walikuja askari wawili wakimuulizia baba yenu. Duka la filamu limemshtaki kwa kutorudisha ile filamu aliyoikodi kabla hajalazwa.

"Tuitie mwenye nyumba," akasema mmoja.

"Afande, ana miezi minne kaburini."

Akavua kofia, akakosa pa kuangalia.

Niliwaambia askari nimeirudisha. Niliwadanganya, wanangu. Ilikuwa chini ya godoro langu. Mkishatoka huwa naiweka kwenye deki, nakaa upande wangu wa kochi, na pale mpishi anapotumbukia kisimani nangoja kumsikia baba yenu akicheka mpaka akohoe. Nangoja, filamu inaendelea bila yeye. Sikuwa na nia ya kuiba. Nilishindwa tu kumuaga mara ya pili. Na wewe kitindamimba, usianze kuniita jambazi.

Nitaandika maelezo ya kweli kituoni, kisha niirudishe dukani kwa mkono wangu mwenyewe. Msinisubiri kula. Nikichelewa, msidhani nimefungwa. Nitakuwa nimekaa pembeni mahali, nilie yaishe, ndipo nije nyumbani.

Mama yenu