Ulichokitoa Kwenye Chano cha Bi Hayat

Mtaa wa Wafinyanzi,
Nabeul.
9 Septemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Dalenda,

Pokea salamu zetu sisi tuliobaki nyumbani. U hali gani huko Marseille? Mgongo umepoa, au bado unapanda ngazi kwa kuhema? Shemeji Slim ameshapata zamu ya mchana? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Joto limeanza kupungua, pilipili zimetungwa nyuzi na kuanikwa ukutani, na Yosra wangu wiki ijayo anaingia darasa la sita.

Nimekujulia hali kwanza kwa sababu ndivyo mama alivyotulea. Sasa nina neno, na ni chungu. Kaa chini ulisome.

Kikao cha Alhamisi kwa Bi Hayat unakijua, maana kiangazi cha mwaka jana ulikaa nasi wiki tatu. Usichokijua ni nilivyokuwa kabla yake. Munsif alipofariki nilimaliza eda yote nikila kwa kubembelezwa. Daktari alinipa vidonge vya usingizi. Nililala, nikaamka na uzito uleule kifuani. Eda ilipokwisha Bi Hayat akavuka barabara, akanishika mkono, akaniambia, "Kulia utalia, shoga, sikukatazi. Lakini njoo ulilie kwangu huku unasokota. Kuskusi ya mwaka mzima haijisokoti yenyewe."

Nikaenda. Wanawake watano, chano kimoja kikubwa cha mti, unga wa ngano na bakuli la maji ya chumvi. Unanyunyiza, unasokota kwa viganja mpaka unga ugeuke punje za kuskusi, unapitisha kwenye chekeche, unaanza tena. Kiganja kikizunguka hivyo saa nzima, mdomo hufunguka wenyewe. Latifa alisema habari za mwanawe aliyeko Italia asiyepiga simu. Bi Hayat alisema maneno aliyotupiwa na mawifi zake miaka thelathini kwa kutozaa. Kisha tukala wote, sahani moja. Siku hiyo nilikula mpaka nikashiba, na nilikuwa nimesahau kushiba kulivyo.

Ulipokuja nawe tukakukaribisha. Ulichovya mikono kwenye bakuli lile lile, na Bi Hayat akakuambia kama anavyomwambia kila mgeni kwamba linalosemwa juu ya chano linaishia kwenye chano. Ukaitikia. Ndipo nami nikalitoa langu, lile nililokuwa sijamwambia mtu. Kwamba siku ile ya ajali Munsif alirudi adhuhuri akitaka kuskusi ya samaki. Tulikuwa tumegombana tangu asubuhi kwa jambo la kipuuzi hata silikumbuki vizuri. Nikamwambia jiko langu limezimwa, aende akale anakokula siku zote. Akawasha pikipiki kwenda kutafuta supu ya dengu, na lori likamkuta pale mzunguko wa barabara. Alikufa na njaa, Dalenda, na njaa hiyo nilimpa mimi.

Ulinikumbatia na mikono yako imejaa unga. Ulilia kuliko wote.

Mwaka mzima nikaishi vizuri. Kila Ijumaa mimi, Yosra na mama mkwe wangu, Mama Manubia, tulikula pamoja, kila mtu kwa upande wake wa sahani, na yule mzee akinisogezea mnofu wa samaki. Nyumba hii haina mtu mwingine. Sisi watatu ndio ukoo uliobaki wa Munsif.

Sikukuu ya kuchinja ukampigia Mama Manubia simu kumpa mkono wa Idi. Nilikuwa uani nasafisha utumbo wa kondoo, nikafurahi kusikia anazungumza nawe. Ijumaa iliyofuata nikatenga chakula, naye akaja na kisahani chake na mayai mawili ya kuchemsha, akakaa pembeni. Nikadhani ni tumbo. Ijumaa ya pili mayai tena. Yosra akauliza, "Bibi, mbona unakula kama mgonjwa wa hospitali?" Bibi yake akabeba kisahani, akaingia chumbani.

Nikamfuata, nikamuuliza nimekosa nini. Akaniambia bila kunitazama, "Muulize mdogo wako. Yeye angalau ana huruma, kaniambia mwanangu alitoka humu ndani na njaa."

Nikatoka, nikaufunga mlango wake.

Baadaye nilipokupigia ukasema ulikuwa unanitetea. Kwamba mzee alilalamika nacheka kwa Bi Hayat ilhali mwanawe yuko kaburini, nawe ukataka ajue ninavyoteseka. Ukanipa na methali juu yake, mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini mimi sikuficha maradhi yangu, Dalenda. Niliyatoa mahali nilipochagua, mbele ya watu niliowachagua, na wewe ulikuwa mmoja wao. Ningeumizwa na Latifa ningesema ni jirani tu. Wewe tumelala kitanda kimoja mpaka nikaolewa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nami nilikuwa nawasikia tu.

Nimekasirika sana. Nataka ulijue hilo bila kulitafuta kati ya mistari.

Alhamisi iliyofuata sikwenda kwa Bi Hayat. Niliona aibu kwamba mimi ndiye niliyemleta mdaku. Akanijia mwenyewe na chekeche kwapani. Nikamweleza. Akasema, "Basi kosa letu sote. Tulimnawisha mikono, mdomo tukausahau." Tukacheka, kisha nikalia, naye akakaa mpaka nikamaliza. Akaniambia mzee yule hajaisikia habari hiyo kutoka kwangu, ameisikia kwa mtu wa ng'ambo kwenye simu, na habari ya namna hiyo hailiki.

Kwa hiyo Ijumaa iliyopita nilikwenda sokoni alfajiri, nikanunua samaki na malenge. Nikapika kile kile alichokitaka Munsif siku ile. Tangu afariki sikuwahi kukipika. Yosra nilimpeleka kwa Latifa. Nikatenga sahani kubwa, vijiko viwili, nikamwita Mama Manubia. Akaja na mayai yake. Kabla hajakaa nikamwambia yote kwa kinywa changu, tangu ugomvi wa asubuhi hadi mlio wa pikipiki. Sikujitetea. Nikamwambia, "Mama, hiki ndicho nilichomnyima. Ukikataa kula, sitakulaumu tena."

Alikitazama chakula mpaka mvuke ukaisha. Kisha akaweka mayai chini, akavuta kiti upande wangu, akanishika kiganja, akaniambia jambo. Jambo la siku ile ile ya Munsif, ambalo yeye naye alikuwa amelibeba peke yake mwaka na nusu. Tulilia wote wawili. Halafu tukala, kimepoa vile vile, mpaka sahani ikabaki miiba.

Najua unataka kujua alichoniambia. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikijiuliza. Zamani ningekuandikia hata kabla ya salamu, maana tangu utotoni hakuna neno langu usilolijua. Hili hutalijua. Ni la kwanza.

Msalimie Shemeji Slim, Shangazi Najia na binti yake Rim. Mungu akupe afya, akuondolee maumivu ya mgongo, na akurudishe kwetu salama. Waambie hatujambo. Zaidi ya hapo usiwaambie kitu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ingawa umeniuma,
Wasila