Gurudumu Lililobaki Chini

Kaka,

Shikamoo. Daktari wa mifupa amesema leo asubuhi kwamba mguu wa baba hautakatwa. Atatoka hospitali Ijumaa, kwa magongo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilolitafuta ulipofungua bahasha. Nawe hujambo? Wifi na watoto je? Sisi wengine tuko salama.

Kwenye simu nilikwambia jeki iliteleza. Sasa nieleze vizuri.

Difu uliyotuma, ile ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, niliifunga kwenye pikapu ya Mama Mikate, wiki ile baba alipokwenda kumuuguza shangazi. Baba alikuwa ameshaikataa. Alisema difu ya kubana ni ya vijana wa mbio, na mkate haushindani na mtu. Lakini kila mvua pikapu ilikwama kwenye kilima cha shule, na Mama Mikate alikuwa amechoka kusukumwa na wanafunzi. Nilimweleza kwamba difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu linaloteleza, lililoshika ardhi likabaki kutazama. Hii ina sahani zinazobanana ndani, kwa hiyo yote mawili husukuma. Akasema basi ile ya zamani ilikuwa kama mume wake na shemeji yake siku ya kushusha unga.

Baba aliporudi aliiona ikipanda kwenye tope, akasifu matairi. Nikangoja siku nzuri ya kumwambia.

Siku kumi na tisa zilizopita Mama Mikate aliileta, akisema gurudumu la nyuma kulia linanguruma. Baba akafanya alivyofanya kwa miaka thelathini na minne: akainua upande wa kulia kwa jeki, akaweka matofali mbele ya magurudumu ya mbele, akachuchumaa asikilize beringi. Akaniambia niingie, niwashe, niweke gia ya pili. Gurudumu la kushoto lilikuwa chini. Kwa difu ya zamani lingesimama, la kulia likazunguka hewani. Kwa hii lilisukuma. Gari likaruka matofali, jeki ikalala, baba akabanwa mguu.

Tangu siku hiyo anaamini aliweka jeki vibaya. Kila anayekuja kumwona, baba humwuliza kama ameona mikono yake ikitetemeka. Haitetemeki. Amemwita mnunuzi wa vifaa aje achukue jeki, spana, hata ile vaisi ya kubania vyuma aliyoachiwa na babu. Nilipombishia alisema, "Mkono uliosahau jeki usishike spana." Mama Mikate alilia mbele yake, yeye akamwomba radhi kwa kupinda bampa.

Kaka, kwenye kifurushi uliweka karatasi: mwambie mzee asiweke gia gurudumu moja likiwa juu. Sikuisahau. Mguu wangu ulikuwa kwenye klachi nilipoikumbuka, neno kwa neno. Mama Mikate alikuwa amesimama mlangoni. Niliona aibu kukemewa mbele ya mteja, nikajiambia jeki imekaa imara, mafuta nitakanyaga kidogo tu, gari halitafika popote. Nikaachia klachi.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi sitaki kuzimaliza.

Usimpigie baba simu kabla yangu, wala usijitwishe lawama hii. Wewe ulionya, na karatasi yako ninayo. Mama Mikate nimeshamwambia habari ya karatasi. Bado ameiacha pikapu gereji. Wasalimie wifi na watoto, na mkubwa mwambie barua yake ya shule babu yake amesomewa mara mbili.

Mnunuzi anakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Alhamisi nitaishusha difu. Ijumaa saa kumi jioni, baba akishaketi, nitamwekea mezani pamoja na karatasi yako, nimwache azungushe upande mmoja kwa mkono wake mwenyewe, ahisi wa pili ukifuata.

Mdogo wako,
wa gereji